Gari la Wengi Mkononi mwa Mmoja



Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa dini alinijia na neno lililomsumbua, akaniomba niliandike katika gazeti hili ili wengine nao walifikiri. Katika mtaa wake yuko mtu mwenye mali kidogo, mshiriki wa Meza ya Bwana, asiyekuwa mlevi wala mgomvi, naye amenunua basi kuukuu. Gari hilo lilitumika miaka mingi kuchukua watu wa mjini huko pwani, hata likachakaa, na wenyewe wakaliuza kwa mnada. Yeye alilipa fedha taslimu, akapewa hati, akalipandisha huku kwetu milimani. Hafanyi nalo biashara ya abiria. Hupeleka nalo watoto wake shule, huleta majani ya ng'ombe na mbolea, na siku za soko huchukua ndizi zake mwenyewe. Lakini hakulibadili hata kidogo. Rangi ni ile ile, namba ya njia ingali juu ya kioo, na kibao cha mbele chataja bado mahali lilipokuwa likienda zamani. Basi watu wasimamao kando ya barabara wakiliona huinua mikono, nalo huwapita, tena mara nyingi huwapita likiwa tupu.

Siku moja ya mvua, mama mmoja alikuwa amesimama njiani na mtoto mwenye homa, akitaka kwenda zahanati. Ikaja motokaa ndogo ya abiria, imejaa kiasi, lakini utingo akasema nafasi moja ipo. Yule mama akatazama nyuma, akaliona basi kubwa laja, halina watu. Akamwambia utingo aende zake, kwa kuwa aliona afadhali akae vizuri na mtoto. Basi likampita. Alikwenda kwa miguu, akafika zahanati jioni. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mwalimu aliposikia habari hiyo hakuweza kunyamaza. Akaenda nyumbani kwa yule mtu.

Yule mtu hakukasirika. Alimkaribisha, akampa chai, kisha akajibu hivi: "Mwalimu, mimi sikumwita mama yule. Gari ni langu, nimelinunua. Mtu akisimama mbele ya nyumba yangu akainua mkono, je, sharti nimfungulie mlango?" Mwalimu akakosa la kujibu, akamaliza chai yake, akaaga.

Nami nakiri ya kuwa jibu lile si la mpumbavu. Katika lugha yetu "basi" ni jina la chombo cha safari, tena ni neno la kufunga maneno. Na huyu bwana alitaka hati yake ifunge maneno. Lakini je, anunuaye kitu kilichokuwa cha watu wote amenunua nini? Chuma na magurudumu tu, au na kitu kingine kisichoandikwa katika hati?

Kwanza tuseme lililo wazi. Kununua gari la namna hii si dhambi, bali mara nyingi ni jambo la kusifiwa. Mabasi ya miji hayadumu milele. Huko Marekani basi kubwa la mji lililonunuliwa kwa msaada wa serikali kuu huwekewa kipimo cha miaka 12 au maili 500,000, na baada ya hapo wenye kazi wana ruhusa ya kuliuza. Mjini London yale mabasi mekundu ya ghorofa yaitwayo Routemaster yalianza kuchukua abiria mwaka wa 1956, yakaondolewa katika kazi ya kawaida tarehe 9 Desemba 2005. Mengi yamenunuliwa na watu binafsi, wakayafanya maduka ya chai na magari ya kupelekea maarusi kanisani. Ni nani atakayewalaumu? Wasingeyanunua, mengi yangekatwa kuwa chuma chakavu. Mtu achukuaye kilichotupwa akakipa kazi tena, huyo si mnyang'anyi.

Lakini huyo wa London alifanyaye duka la chai, hamwachi mtu kituoni akiwa na shaka kama basi litamchukua au halitamchukua. Hapo ndipo neno la mwalimu wetu lilipo. Mkono ulioinuliwa kando ya barabara si ombi la mwombaji. Ni itikio. Gari limesema kwa rangi yake, kwa namba yake na kwa kibao chake, "Mimi huchukua watu," naye aliye kando ya barabara amejibu, "Nichukue." Mwenye gari asema hakumwita mtu. Ni kweli, kinywa chake hakikuita. Kibao chake kiliita. Sisi tuliojifunza Katekisimo tumezoea kudhani ya kuwa amri ya nane huvunjwa kwa ulimi tu, mbele ya baraza au katika masengenyo. Lakini alama nayo hushuhudia. Mtu akivaa nguo za askari naye si askari, amesema uongo kabla hajafungua kinywa. Katika majimbo kadhaa ya Marekani watu wamelitambua jambo hili hata wakalitia katika sheria: anunuaye basi la shule lililoachishwa kazi yampasa kubadili ile rangi yake ya manjano, kwa kuwa madereva wote wamefundishwa kusimama basi hilo linaposhusha watoto, na alama hiyo ikiwa ya uongo mara nyingi, hata iliyo ya kweli haitaaminiwa.

Labda mtu atasema, "Basi awachukue wote, yaishe." Neno hilo lina huruma, lakini halikufikiriwa. Gari lenye bima ya matumizi ya nyumbani si gari la abiria. Likianguka korongoni na watu ishirini ndani, watu hao au mayatima wao waweza kukosa fidia, na mwenye gari atashtakiwa, ingawa alitaka kutenda mema. Kwa hiyo shauri langu juu ya kibao na namba ni jepesi: aviondoe, apake rangi nyingine, tena afanye wiki hii. Mfano wa nyumba aliouleta kwa mwalimu haufai, maana nyumba yake haijaandikwa juu ya mlango kwamba ni nyumba ya wageni.

Hayo ya rangi ni madogo, nami nisingelijaza kurasa kwa ajili yake. Nataka kueleza habari ya basi jingine, ambalo mwenyewe alilinunua kwa haki kama huyu wetu, na ambalo neno lake ni zito zaidi.

Mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama huko Marekani, palikuwa na basi namba 2857, lililoundwa na General Motors mwaka wa 1948. Lilikuwa na viti 36. Kumi vya mbele viliwekwa kwa ajili ya Wazungu, hata kama hakuna Mzungu ndani. Watu weusi walikaa nyuma, na wale wa katikati walikuwa tayari kuondolewa wakati wowote. Madereva wengine walimtaka mtu mweusi alipe nauli mlango wa mbele, kisha ashuke, azunguke aingie mlango wa nyuma. Na mara nyingine gari liliondoka kabla hajaufikia. Rosa Parks, mshona nguo katika duka kubwa la mji, aliwahi kutendewa hivyo mwaka wa 1943. Tarehe 1 Desemba 1955, siku ya Alhamisi, akitoka kazini alipanda basi hilo namba 2857, akakaa mstari ulio nyuma tu ya vile viti kumi. Dereva alikuwa yule yule wa mwaka wa 1943. Mzungu mmoja akakosa kiti. Dereva akawaamuru watu weusi wanne wa mstari ule waondoke wote, kwa kuwa haikuruhusiwa mweusi kukaa mstari mmoja na Mzungu. Watatu wakainuka. Yeye hakuinuka. Akakamatwa, na tarehe 5 Desemba akahukumiwa kulipa faini ya dola 10 na gharama za dola 4.

Siku hiyo hiyo watu weusi wa Montgomery waliacha kupanda mabasi, watu kama 40,000, ambao ndio waliokuwa abiria wengi wa mji. Waliacha kwa siku 381. Walitembea kwa miguu katika mvua na jua, wapishi na wafua nguo na wazee, mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua ya kuwa sheria ile ya kutenga watu haina haki, nao wakapanda tena tarehe 21 Desemba 1956 na kukaa walipotaka.

Na basi lenyewe? Liliendelea na kazi. Lilifagiliwa, likatiwa mafuta, likazunguka mji kama mengine. Mapema katika miaka ya 1970 likaachishwa kazi, na mtu mmoja wa Montgomery akalinunua. Wafanyakazi wa kampuni walimwambia ya kuwa hilo ndilo basi la Rosa Parks. Akaliweka shambani, akatia ndani mbao na vyombo vyake vya kazi. Likakaa hapo miaka kama 30, likala kutu, madirisha yakavunjika.

Msomaji, hapo unasema nini? Nimewauliza rafiki zangu kadha wa kadha, na mmoja akasema kwa ukali kwamba kutia mbao mahali pale ni kama kufanya kanisa kuwa banda la mbuzi. Mimi sikubaliani naye. Mtu yule alinunua banda la magurudumu kwa sababu alihitaji banda. Hakulidharau basi zaidi ya kampuni iliyoliuza. Kampuni ilijua, maana wafanyakazi wake ndio waliomwambia; mji ulijua; wala hakuna aliyesema, "Hili lisiuzwe pamoja na mengine." Kama kuna lawama, ianzie kwao waliokuwa walinzi wa kitu cha watu wote, wakakiona ni chuma tu. Tena tuseme la kumtetea zaidi: kwa sababu ya mbao zake basi halikuyeyushwa. Neno aliloambiwa aliwaambia nao wa nyumba yake, nao wakalishika. Katika mfano wa hazina iliyositirika shambani, mtu aliuza vyote alivyo navyo ili alinunue shamba. Hapa hazina ilikaa shambani wazi mbele ya watu wote, na majirani wakapita wakienda kazini.

Hata hivyo kujua ni mzigo. Aliyenunua basi jingine lolote la mwaka ule alinunua basi. Huyu aliambiwa jina la mtu aliyekaa ndani, na tangu saa ile hakuweza kusema mbele ya Mungu ya kuwa ana banda tu. Sisemi alipaswa kulitoa bure. Nasema alikuwa ameshika kitu ambacho sehemu yake moja haikuwa yake, kama vile mtu aliyeazimwa jembe akapewa pamoja nalo barua ya jirani.

Jambo lililonitia mawazo zaidi lilikuja baadaye. Jamaa za mtu yule walitaka kuliuza basi, na watu wakataka uthibitisho. Ukapatikana katika kitabu cha vipande vya magazeti alichokiweka msimamizi mmoja wa kituo cha mabasi cha Montgomery. Kando ya habari ya kukamatwa kwa Rosa Parks alikuwa ameandika kwa mkono wake jina la dereva na namba 2857. Mtaalamu wa maandishi akakichunguza. Basi mwezi wa Oktoba 2001 gari lile liliuzwa kwa mnada, na nyumba ya makumbusho iitwayo Henry Ford, huko Dearborn katika jimbo la Michigan, ikalinunua kwa dola 492,000. Ikatumia dola zaidi ya 300,000 nyingine kulirudisha katika hali yake ya mwaka wa 1955. Tangu mwaka wa 2003 watu huingia na kukaa katika viti vyake.

Dola 492,000! Chuma chenye kutu cha mwaka wa 1948 hakina bei hiyo, wala kazi ya kulinda mbao kwa miaka 30 haileti bei hiyo. Bei ilitoka kwa mwanamke aliyekataa kuinuka, na kwa miguu ya wale waliotembea siku 381. Wauzaji waliuza hasa kitu ambacho hawakukifanya. Na yeye aliyekifanya alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 88, anakaa Detroit, karibu kabisa na Dearborn. Mwaka uliofuata, yaani 2002, alipelekewa hati ya kutakiwa kuhama katika nyumba aliyopanga, kwa sababu ya kodi isiyolipwa, na usharika mmoja wa Detroit ukamlipia. Alifariki tarehe 24 Oktoba 2005.

Sikuyaandika hayo ili tuwahukumu jamaa wale. Hakuna sheria waliyoivunja. Fedha za nyumba ya makumbusho zilikuwa halali, na kama wasingetaka kuuza, leo watoto wa shule wasingeweza kukaa katika kiti kile. Nayaandika kwa sababu hapa yaonekana wazi lile ambalo katika basi la jirani yetu limefichika. Kitu kilichotumiwa na wengi hubeba thamani ambayo hao wengi ndio walioitia. Katika basi la Montgomery thamani hiyo ilihesabiwa kwa dola. Katika basi la milimani kwetu ni kidogo sana, ni tumaini tu la mama mwenye mtoto mgonjwa aonapo umbo la gari kubwa katika mvua. Lakini asili yake ni moja. Hilo tumaini halikutengenezwa na mwenye gari. Lilitengenezwa na madereva wa miaka mingi waliosimama kila mkono ulipoinuliwa.

Torati ilimwagiza mwenye shamba asivune pembe za shamba lake, bali amwachie maskini na mgeni. Shamba lilikuwa lake, wala hakuna aliyesema ni la maskini. Ila pembe hakupewa. Nimefikiri sana pembe za basi ziko wapi. Na maelezo ya amri ya saba katika Katekisimo hayaishii katika kutochukua cha mwenzako. Yataka pia tumsaidie kukitunza alicho nacho. Mama yule alikuwa na nini cha kutunzwa? Alikuwa na nafasi katika ile motokaa ndogo, naye aliiacha kwa sababu ya kibao kisicho kweli.

Tena huko huko Montgomery limo jambo jingine, nalo huligeuza swali letu juu chini. Katika zile siku 381 watu hawakutembea wote. Wenye motokaa waliwachukua wasio nazo, na makanisa yakanunua magari kwa jina lao, yakazunguka mji asubuhi na jioni. Kampuni za bima zikayakatalia, ikabidi bima itafutwe London. Kati ya wenye motokaa alikuwamo Robert Graetz, mchungaji Mzungu wa usharika wa Kilutheri wa watu weusi uitwao Trinity. Rosa Parks alikuwa jirani yake. Kwa ajili ya motokaa yake na maneno yake nyumba yake ilipigwa kwa mabomu mwaka wa 1956, na tena mwezi wa Januari 1957. Motokaa ya Graetz ilikuwa ya Graetz. Hati ilikuwa na jina lake. Hakuna aliyemnyang'anya, wala hakuna sheria iliyomlazimisha. Sheria na polisi walikuwa upande wa pili. Katika mwaka ule magari ya watu binafsi yalikuwa magari ya wote, na basi la wote lilizunguka likiwa tupu. Baadaye basi hilo hilo likawa la mtu mmoja. Yaonekana hati peke yake haiamui gari ni la nani.

Nilimweleza mwalimu hayo, naye akarudi kwa yule mtu. Hakumhubiri, alimsimulia habari ya basi namba 2857 mpaka mwisho, pamoja na zile dola. Yule mtu akauliza maswali mengi juu ya bei. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama mama yule ni wa mtaa gani.

Baada ya wiki mbili kibao kilikuwa kimeondolewa na namba imefutwa. Gari sasa lina rangi ya kijani, nayo haikupakwa vizuri, maana rangi ya zamani yaonekana kwa chini karibu na magurudumu. Wageni hawaliinulii mikono tena. Lakini wenyeji wa barabara ile wanaujua mlio wake, tena mvua ikinyesha wako wanaoinua mkono hata kabla halijatokea kwenye kona. Mwalimu aniambia ya kuwa siku nyingine husimama, akamchukua mzee au mwenye mgonjwa bila nauli, na siku nyingine hupita. Bado hajamwuliza kwa nini.